Mtamba wa Mwadime

Nawategea mtego. Aliye mwepesi wa kujibu na aume ulimi kwanza.

Katika kijiji kimoja cha Utaita, chini ya msitu, kulikuwa na watu watatu wa kazi moja, kuchunguza maji. Nyambu alikinga mvua, miaka nenda miaka rudi: ndoo moja mahali pa wazi, nyingine chini ya miti, ajue majani yanaongeza nini. Mkamburi aliteka maji ya kijito, juu ya mashamba kwanza, kisha chini yake. Watu walimcheka: "Mama, unapanda mlima kufuata maji yaliyo mlangoni kwako?" Wakesho ndiye aliyeyapima yote, akajua yapi ni matamu na yapi yana ukali kama wa ndimu.

Mwaka mmoja kaa walikufa kijitoni, watoto wakaumwa matumbo. Lawama zikamwangukia Mwadime, mwenye shamba la juu kabisa.

"Ni mbolea yako! Hama!"

Maskini, shambani mle ndimo walimozikwa wazazi wake. Baraza likakaa.

Mkamburi akasema, "Hata juu ya shamba lake maji ni makali."

"Basi msitu umeoza," mzee mmoja akadakia.

Nyambu akaitwa alete ndoo ya mahali pa wazi, isiyoguswa na jani. Akainusa, akamwaga maji yote.

"We Nyambu, una wazimu?"

"Mke wangu ameiosha kwa sabuni. Haya si maji ya mbingu. Ngojeni mvua nyingine."

Wakangoja, Mwadime hali, halali. Mvua ikanyesha, Wakesho akaipima.

"Ukali unatoka mawinguni," alisema. "Mvua za miaka yote nimezipima mwenyewe, hazikuwa hivi. Ni moshi wa lile tanuri jipya lililowashwa mwaka huu ng'ambo ya mlima."

Mwadime akaachiwa shamba. Alilia mbele za watu bila haya, kisha akaleta mtamba wake, ng'ombe pekee aliyekuwa naye.

"Nimeapa ampate mmoja tu, aliyeniokoa. Hauzwi, hachinjwi."

"Bila ndoo yangu mngeulaumu msitu," alisema Nyambu.

"Bila miguu yangu mngekuwa mmeshamfukuza," alisema Mkamburi.

Wakesho akacheka. "Bila kipimo changu mngekuwa na maji ya kunawa tu."

Mtamba yuko uani kwa Mwadime hadi leo, ana mimba, na Mwadime halali tena, safari hii kwa deni la shukrani. Kila apitaye humuuliza, na leo umepita wewe: kamba amkabidhi nani?