Siku Padre Audifasi Alipongojea Umonsinyori

Hii nimeipokea asubuhi hii nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome, kisha mpe na mwenzako.

Katika parokia moja ya milimani, askofu alimpigia simu paroko, Padre Audifasi. "Baba Mtakatifu amempa padre mmoja wa hapo kwenu cheo cha heshima cha Monsinyori. Nitamtangaza mwenyewe Jumapili. Andaeni sherehe."

Parokia ilikuwa na mapadre wawili tu. Mwingine alikuwa Padre Severini, mzee mwenye masikio mazito, ambaye kazi yake ilikuwa kuungamisha na kutembelea wagonjwa. Padre Audifasi ndiye aliyejenga kanisa jipya. Nani mwingine angepewa heshima hiyo?

Habari zikaenea kama moto. Ng'ombe wawili wakachinjwa. Kwaya ikashona sare. Ndugu zake Audifasi wakakodi basi zima, wakaja na ngoma.

Jumapili kanisa lilifurika hadi nje. Askofu akasimama.

"Monsinyori wenu mpya ni Padre Severini!"

Macho yote yakamgeukia paroko. Audifasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akamtafuta mzee kwa macho, akamwona nyuma kabisa kwenye kiti cha maungamo. Hakuwa amesikia chochote.

Audifasi akatembea mpaka kule, akasubiri aliyekuwa akiungama aondoke, akainama.

"Padre, Baba Askofu anakuita mbele. Umekuwa Monsinyori."

"Mimi?" Mzee akashangaa. "Mwambie anisubiri kidogo. Yule mama anayengoja pale ametoka mbali na hajaungama."

Audifasi akajikuta anacheka, na machozi yanamtoka. Alisimama pale hadi yule mama alipomaliza, akamshika mzee mkono, akampeleka altareni huku akipaza sauti: "Mpisheni Monsinyori!"

Vigelegele vikatikisa madirisha.

Baada ya misa dada yake Audifasi alimvuta pembeni, amekasirika. "Sasa sisi tumesafiri kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya Monsinyori," akajibu. "Hana ndugu hata mmoja hapa. Leteni ngoma."

Wakaja wote na ngoma zao. Mzee Severini, aliyezoea kula peke yake, siku ile alichezewa ngoma na ukoo mzima, na aliyecheza kuliko wote alikuwa Padre Audifasi.

Funzo: Heshima uliyoitamani ikimwendea mwenzako, wahi kuwa wa kwanza kumshangilia, furaha hiyo hakuna awezaye kukunyang'anya.