Alama Kwenye Breki Nyekundu

"Kidole cha papara hakifutiki," alisema Shangazi Ndeshi alipowaona watoto wa kaka yake wakigusagusa dirisha ambalo baba yao alikuwa amelipaka rangi asubuhi ile.

"Shangazi, maneno hayo yametoka wapi?"

"Yametoka kwenye oveni ya baba yenu. Kaeni niwaeleze chanzo chake."

Baba yao, Tumsifu, ujanani hakujua kutulia. Ndeshi, mdogo wake, alikuwa amepata nafasi katika sekondari ya bweni, na vishikio vya breki vya kiti chake cha magurudumu vilikuwa vimeliwa na kutu hata vikamchafua viganja na sare. Tumsifu akaapa kwamba dada yake hatatoka Machame na kutu mikononi.

Alikuwa ameona mjini rangi ya unga. Hiyo haipakwi kwa brashi. Hupulizwa kavu kwa bunduki ya umeme, ikakigandia chuma kama vumbi, kisha huokwa mpaka iyeyuke na kuwa ganda gumu. Akanunua bunduki ndogo na oveni kuukuu, akaiweka nyuma ya nyumba, na mlangoni akaandika kwa chaki: SI YA CHAKULA.

Mama Aikande, jirani, alichungulia juu ya ua wa mimea ya masale. "Wewe Tumsifu! Leo unaoka mikate ya chuma?"

"Subiri, mama. Utaitamani."

Lakini mara ya kwanza rangi ilitoka mapele, kwa kuwa alivisugua vishikio kutu tu, akasahau kuosha mafuta. Akarudia: msasa, spiriti, kitambaa safi. Akavitundika kwenye kulabu iliyounganishwa na ardhi kwa waya ili chuma kivute unga, akapuliza unga mwekundu, akafunga oveni. Safari hii ilikuwa siku yenyewe ya kuondoka. Gari la usharika lilikuwa njiani kumchukua Ndeshi.

Tumsifu akazunguka oveni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akafungua mlango, akafunga. Akaenda barabarani, akarudi. Akafungua tena.

"Kaka, acha viive!" Ndeshi alimwambia.

"Vimeshaiva, vinang'aa!"

"Kung'aa siyo kuiva."

Honi ikalia bondeni. Tumsifu akavitoa vikiwa kwenye kulabu, na ili ahakikishe vimekauka, akabonyeza kimoja kwa kidole gumba.

"Mama wee!"

Kidole kikaungua. Kwenye wekundu ule laini kikabaki kishimo, na ndani yake mistari yote ya ngozi yake, wazi kama muhuri. Akavirudisha motoni, na safari hii hakufungua mpaka vikaiva kweli. Ganda likawa gumu kama jiwe, na alama ikawa ngumu pamoja nalo.

Dereva alikuwa tayari anapakia sanduku. Vishikio vilipopoa, Tumsifu akavifunga kwenye kiti huku machozi yakimlenga. Kisha akaenda uani, akachuma jani la masale, akampa mdogo wake kwa mikono miwili. Kwetu Machame anayeletewa masale hawezi kukataa kusamehe.

"Nilitaka uende na kitu kisicho na doa," alisema. "Nimekiharibu."

Ndeshi akalipokea jani. Akakishika kishikio, akakivuta; gurudumu likakaa imara, na kiganja chake kikabaki safi.

"Nimekusamehe, kaka. Ila rangi yako haijui masale."

Mama Aikande akacheka mpaka akashikilia ua. Tumsifu naye akacheka, akipuliza kidole.

Huko bwenini wasichana waliuliza alama ile ni ya nini. Ndeshi akawajibu kwa maneno manne, nao wakayachukua, wakamwambia kila aliyetaka kujibu kabla ya kusikia swali. Likizo ilipofika, yakasambaa nao makwao.

Shangazi Ndeshi alikisogeza kiti chake karibu na dirisha. Viti vyake vimebadilishwa mara nyingi. Kishikio ni kile kile. Aliweka kidole gumba kwenye kishimo, akavuta breki. Watoto wakalitazama dirisha, kisha wakatazama vidole vyao vyenye rangi.

"Na sisi tukachume masale?" mmoja akauliza.

"Kachumeni, mpelekeeni baba yenu. Atawasamehe. Lakini kidole cha papara hakifutiki."