Dadu Lililotiwa Ghalani

Hapo zamani, kabla watoto hawajajua kugombania zamu, palikuwa na mji ukiitwa Kishangaze, na aliyeutawala ni Sultani Mudathiri, mtu mnene, mkarimu wa chakula, mwepesi wa hasira, aliyependa kucheza bao kuliko alivyopenda kulala. Na katika umri wake wote hakuwahi kushindwa hata mchezo mmoja. Si kwamba alijua. Lahaula, hakujua kitu! Ila siku ya kutawazwa kwake alitoa amri kwamba atakayemshinda Sultani atiwe katika ghala la tende na asitoke tena, na desturi ya kiti kile ilikuwa kwamba neno la Sultani likishatoka halirudi. Basi watu wa Kishangaze wakawa wanashindwa kwa bidii kubwa sana.

Ikawa siku moja, Sultani amekwisha kula wali wa nazi na kuku wa kupaka, akaketi kucheza na Waziri Sleyum, na katikati ya mchezo usingizi ukamchukua. Akalala fofofo, akakoroma. Alipozinduka alimkuta Waziri ameinama mbele yake akipiga makofi.

"Hongera, maulana! Umenishinda tena, na leo umenishinda vibaya."

Sultani akapangusa mate kidevuni. "Nimekushinda nami nimelala?"

"Ndivyo ulivyo ufundi wako, maulana."

Pale pale Sultani akang'amua mambo yote, na moyo ukamuuma kwelikweli, maana si jambo dogo mtu kugundua uzeeni kwamba furaha zake zote alikuwa akipewa, kama mtoto anavyotiwa tonge mdomoni. Akasimama, akatoa amri ya pili: atakayemwachia Sultani ashinde, naye atiwe ghalani. Na Waziri Sleyum akawa wa kwanza kuingia, angali anapiga makofi kwa woga.

Sasa ukawa mtihani. Ukimshinda, ghalani. Ukimwachia, ghalani. Kadhi akaitwa kucheza, akaingia. Kinyozi akaingia. Mpishi wa jumba akaingia, na tangu siku hiyo wali wa Sultani ukawa bokoboko. Mwisho akaitwa Mize, mwanamke mpika vitumbua wa mtaa wa Mfinyanzini, ambaye hakujua kumpaka mtu mafuta. Huyu alimshinda Sultani kabla kahawa haijapoa, na alipomla kete za mwisho akamwambia, "Haya, baba, nenda kajifunze." Akashikwa mkono, akapelekwa ghalani.

Mize alikuwa na mume, na mume huyo aliitwa Vuai. Vuai hakuwa na kazi, hakuwa na shamba, hakuwa na kanzu ya pili, na mji mzima ulimwita mjinga. Sababu ni kwamba akiambiwa neno, hulifanya lile lile lililosemwa. Siku moja Mize alimwambia, "Nitazamie maziwa jikoni," naye akayatazama tangu yalipoanza kuchemka hata yalipozima moto, kisha akasema hajapata kuona maziwa yaliyotazamwa vizuri namna ile. Mize alicheka siku ile mpaka akakaa chini. Ndiyo sababu Vuai alimpenda: watu wote walimcheka, bali Mize alicheka naye. Na sasa nyumba imekuwa kimya, jiko limelala, na Vuai akikaa upande wake wa kitanda anaona upande wa pili ni mpana mno. Alikuwa tayari kufanya lolote mkewe atoke.

Basi kila asubuhi alikwenda kwenye dirisha dogo la ghala, wakazungumza, na Mize akampa tende kati ya vyuma vya dirisha. Siku moja Vuai akafika jua limepanda, anahema, amekasirika.

"Umechelewa, mume wangu," Mize akasema.

"Usiniulize! Nimeondoka lango la mji pamoja na Faki hamali, yule mwenye mguu mbovu. Nikapita mlangoni kwa mama yako. Ningepitaje bila kumwamkia? Akaniuliza hali yangu, hali yako, hali ya kuku, akaanza tena. Nilipoponyoka nikateleza kisimani, wakanivuta kwa kamba. Na Faki je? Muuza maji kampandisha punda! Amefika zamani, anakula muhogo."

"Aa, kumbe Faki kakushinda mbio."

"Faki? Faki hawezi kunishinda mimi!"

"Kweli," akasema Mize, huku akitema kokwa ya tende. "Hakukushinda Faki. Njia ndiyo iliyokushinda."

Vuai akamkodolea macho mkewe. Kisha akabusu kati ya vyuma vya dirisha, akamkosa Mize akambusu Waziri Sleyum aliyekuwa anachungulia, akatimua mbio kurudi nyumbani.

Akauchukua mkeka, akachora juu yake kwa masizi njia ya mji wa Kishangaze, kutoka langoni hata mlangoni pa jumba la Sultani, akaikata vyumba vyumba. Penye kisima akachora kisima: atakayetua hapo arudi langoni aanze upya. Penye punda akachora punda wawili: atakayetua kwa wa kwanza abebwe mbele kidogo, kwa wa pili abebwe mpaka mlangoni pa jumba. Na penye mlango wa mkwe wake akachora mlango: atakayetua hapo asimame, zamu impite, mpaka maamkizi yaishe. Kisha akachukua kipande cha mfupa wa ng'ombe, akakichonga pande sita sawasawa, akatoboa vitone kwa msumari wa moto, kimoja upande huu, viwili upande ule, hata sita. Hilo ndilo dadu la kwanza lililopata kuonekana Kishangaze.

Akautandika mkeka uchochoroni, akaita watoto wa mtaa wajaribu. Masikini Vuai! Hakupata hata pa kukaa. Watoto walirusha, walisogeza kete, walizama kisimani wakipiga mayowe, walipanda punda wakijipiga mapaja, na aliyekwama kwa mkwe aliamkiwa na wenzake wote kwa sauti za vikongwe. Alishinda mtoto mdogo kuliko wote, akashindwa, akashinda tena. Mama zao wakaja kuwaita, wakachuchumaa, nao wakasahau vyungu motoni.

Kesho yake Sultani, aliyekwisha kukosa mtu wa kucheza naye, akapiga mbiu: "Nani ataniletea mchezo ambao nitacheza na mtu, naye asinishinde wala asiniachie? Atakayeweza ataomba atakacho. Atakayeshindwa, ghala analijua."

Watu wakafunga milango. Vuai akabeba mkeka wake kichwani, akaenda.

"Sabalkheri, maulana," akanena. "Mimi Vuai, mume wa Mize."

"Yule aliyeniambia nikajifunze?"

"Huyo huyo, maulana. Nami huniambia hivyo kila siku."

Sultani akaficha tabasamu, wakaanza. Sultani akarusha dadu, likamletea sita. Akafurahi! Akarusha tena, punda akambeba. Akafurahi zaidi, akamwambia mkuu wa askari atazame. Akarusha mara nyingine, akatua mlangoni kwa mkwe.

"Hapo utasimama, maulana," akasema Vuai.

"Nisimame? Mimi Sultani, nisimamishwe na kikongwe?"

"Mkwe ni mkwe, maulana. Hata taji akikuvua utampa."

Sultani akasimama. Alipoachiwa akarusha kwa hasira, likamtia kisimani, akarudi langoni, na Vuai akaenda zake mdogo mdogo mpaka akafika mlangoni pa jumba. Pale barazani mkuu wa askari akamkamata Vuai ukosi.

"Kamshinda Sultani! Ghalani!"

"Maulana," akasema Vuai huku ananing'inia, "nakuomba umuulize askari huyu nimefanya nini. Je, nilikutega?"

"Hukunitega."

"Nilikupigia hesabu? Nilikula kete zako?"

"La."

"Nilikuachia, je?"

"Thubutu! Ulikuwa unacheka nilipozama."

"Mimi nimefumbua kiganja tu, maulana, nawe umefumbua chako. Nani basi aliyekutia kisimani?"

Sultani akafikiri. Akaunyoosha mkono taratibu kuelekea mkekani. "Mfupa huu," akasema. Na kwa kuwa amri ni amri, akanguruma, "Basi mfupa utiwe ghalani!"

Ikawa kama alivyosema. Askari wakaliweka dadu juu ya sinia, wakalizunguka kwa panga, wakalipeleka ghalani, wakalisukumia ndani, wakafunga kufuli. Kinyozi aliuliza limefanya kosa gani, akaambiwa kama lenu.

Sultani akamgeukia Vuai. "Umeweza. Hukunishinda wala hukuniachia. Omba utakacho, ila usiwaombee walio ghalani, kwa kuwa neno langu halirudi, hata nikitaka mwenyewe."

Vuai akanywea, maana ndilo tu alilolitaka. Lakini akamwona Sultani anautazama mkeka, anapapasa papasa, anazichezea kete kwa kidole, hatulii.

"Mmoja tu," Sultani akasema. "Tucheze mmoja tu, kisha uombe."

"Na dadu, maulana? Limefungiwa."

"Chonga jingine!"

"Nitachonga, nalo likikushinda litakwenda huko huko, na kwa jinsi nilivyokuona ukicheza, ng'ombe mjini wataisha." Kisha Vuai akakuna kichwa. "Ila maulana, lililo ghalani limekatazwa kutoka. Halikukatazwa kucheza."

Sultani hakungoja viatu. Alishika mkeka upande mmoja, Vuai akashika wa pili, wakakimbia uani, askari nyuma yao, ghala likafunguliwa. Ndani mlikuwa na nzi, na harufu ya tende, na nusu ya wakubwa wa mji wamenenepa kwa utamu. Wakatandika mkeka katikati ya makanda ya tende.

"Nani atacheza nami?" akauliza Sultani, na wafungwa wote wakarudi nyuma ukutani.

"Mimi," akasema Mize. "Kwani utanipeleka wapi tena?"

Wakacheza. Mize akatangulia. Akapanda punda, akapita kwa mama yake bila kutua, watu wakaanza kuusogelea mkeka bila kujijua. Kadhi akapiga kelele, kinyozi akamkanyaga Waziri, na hakuna aliyeomba radhi. Mize akabakiza vyumba viwili tu, akarusha, akapata kimoja. Sultani alikuwa nyuma sana. Akalifumbata dadu kwa mikono miwili, akalipulizia, akafumba macho, akarusha. Sita! Hapo akatua kwa punda wa pili, punda akambeba mpaka mlangoni pa jumba.

Sultani akamtazama Mize. "Mwanamke, niambie kweli. Umeniachia?"

"Nikuachie?" Mize alikuwa amekasirika mpaka ushungi umemwanguka. "Wallahi ningekuwa na uwezo juu ya mfupa huu, ungekuwa kisimani mpaka sikukuu! Umenishinda, baba. Nipishe nipumue."

Basi Sultani Mudathiri akapiga ukelele uliosikika hadi sokoni. Akaruka, kilemba kikaenda kule, akacheza ngoma peke yake kati ya makanda ya tende, machozi yanamtoka, akimkumbatia Kadhi, akimkumbatia kinyozi, akisema, "Nimeshinda! Mmeona? Mimi mwenyewe! Nimeshinda!" Na katika umri wake wote huo ndio ulikuwa ushindi wake wa kwanza.

Vuai akamsogelea. "Hongera, maulana. Sisi huku mitaani mtu akishinda huwanywesha wenziwe kahawa."

"Kahawa!" akanguruma Sultani. "Kahawa kwa wote! Nipeni dele, nitamimina kwa mkono wangu!"

Akamimina. Waziri akanywa, Kadhi akanywa, Mize akanywa, na vikombe viliporudi Vuai akasimama, akakung'uta kikoi chake, akamwambia mkuu wa askari, "Haya, bwana, kazi kwenu."

"Kazi gani?"

"Mji huu tangu Sultani wa kwanza, anayenyweshwa kahawa na Sultani kwa mkono wake ni mgeni wake, na mgeni wa Sultani husindikizwa na askari mpaka kizingitini kwake. Nami naona hapa wageni wengi, na wengine kwao ni mbali."

Mkuu wa askari akamtazama Sultani. Sultani akalitazama dele mkononi mwake.

"Lakini niliwatia ghalani," akasema polepole.

"Uliwatia, maulana, na neno lako halijarudi, liko pale pale. Na desturi ya babu zako, iliyotangulia neno lako, iko pale pale. Kama kuna mtu wa kuirudisha, basi aanze na kahawa iliyomo tumboni mwa Kadhi."

Sultani akafungua kinywa kukasirika, kikatoka kicheko. Akacheka akaegemea kanda, kanda likapasuka, akaendelea kucheka amekaa juu ya tende. "Wasindikizeni," akasema. "Wasindikizeni wote! Na wewe Vuai, bado hujaomba."

Vuai akaanza, "Pilau la ..." lakini Mize alikuwa amekwisha kumfinya.

"Maulana," akasema Mize, "tupe ghala hili. Tende zihamishwe, mikeka itandikwe, watoto wa mji wacheze humu daima."

Sultani akamfahamu. Aliyaangalia makufuli, akaangalia chini. "Na humu asifungwe mtu mwingine tena," akanena, na neno hilo nalo halikurudi.

Mize na Vuai wakasindikizwa na askari wanne mpaka Mfinyanzini, na Vuai akamshika mkewe mkono njia nzima mbele za watu, jambo ambalo halikuwa desturi, na hakujali. Walipopita kwa mama mkwe, askari wote wanne wakasimamishwa kwa maamkizi hadi adhuhuri.

Hivyo ndivyo mchezo wa dadu ulivyoanza Kishangaze, na wanaosimulia vingine hawakuwapo, kama nami nisivyokuwapo. Ghala likajaa watoto na makelele. Na ikawa alasiri moja Sultani Mudathiri akaja, akavua viatu, akajibana kati yao, akapiga magoti mkekani, akanyoosha mkono kulichukua dadu. Binti mdogo wa mfinyanzi, aitwaye Raya, akampiga kofi kiganjani bila hata kuinua macho kumtazama ni nani.

"Ngoja zamu yako," akamwambia.

Na Sultani akangoja.