Nanasi Ndani ya Kabati la Farhiya

Waliosema kwamba jifya moja haliinjiki chungu walikuwa wapishi, hawakuwa wasomi. Walijua kwamba jiwe moja la meko, hata likiwa gumu namna gani, haliwezi kubeba chungu likiwa peke yake. Wanawake wa kikundi cha Tushikane pale Thika waliijua methali hii barabara. Waliitumia katika kila mkutano, wakaichapisha hata kwenye leso zao za sare. Kilichowashinda ni kuiona ilipokuja kuketi katikati yao.

Wanachama walikuwa kumi na wawili. Wengi waliishi Kiganjo, wachache Juja, na mmoja, Farhiya muuza vitambaa, alikaa Ruiru. Desturi yao ilikuwa rahisi: kila mwezi walichanga, kikanunuliwa kitu, na mwenye zamu akakichukua. Mwaka wa 1994 walinunua sufuria. Mwaka uliofuata walikusudia kununua magodoro, na hakuna aliyelihitaji godoro kuliko Mwongeli. Lake lilikuwa limekonda kiasi kwamba alizijua mbao zote za kitanda chake kwa mbavu.

Hata hivyo, ni Mwongeli huyo huyo aliyesimama na kuwapinga waliotaka magodoro. Siku hiyo kikundi kilikuwa kimetembelewa na Jeconia, kijana mwenye tai na mkoba, aliyekuwa akiuza ensaiklopidia kwa malipo ya mwezi kwa mwezi. Ilikuwa na vitabu kumi na viwili vizito vya Kiingereza, vyenye majalada mekundu na maandishi ya dhahabu. Kila malipo yangeleta kitabu kimoja.

"Mama, mtoto akisoma hivi vitabu, mwalimu mwenyewe atamwogopa," alisema Jeconia, ulimi wake ukiteleza kama sabuni.

Mwongeli alimfikiria bintiye Nzilani, wa darasa la sita, mtoto wa kuuliza maswali kutoka macheo hadi machweo. Wiki hiyo alikuwa ameuliza kwa nini nanasi lina macho, na mama mtu, aliyezaliwa na kulelewa kando ya mashamba ya mananasi, hakuwa na jibu.

"Godoro utalilalia, lakini halitakuamsha," Mwongeli aliwaambia wenzake. "Wacheni tununue vitabu."

Wakakubali. Kisha, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyogawana sufuria, wakapiga kura. Kila mama alipata zamu yake, na kila zamu ilikuwa na kitabu chake. Hakuna aliyeona kasoro. Jeconia alidhani ataleta vitabu vyote katika nyumba moja, hakuuliza. Nao walidhani kitabu ni kitabu, hawakuuliza. Mwongeli alivuta karatasi ya kumi na mbili.

"Usijali, Mama Nzilani," alimfariji Mwanaharusi, mwenyekiti wao. "Mvumilivu hula mbivu."

Kuanzia hapo kila nyumba ikawa na ujuzi wake. Kwa Wamboi, aliyepata kitabu cha kwanza, watoto walizijua habari za Alaska kama za jikoni kwao, lakini ukiwauliza kuhusu nyuki walikodoa macho. Kwa Nelima waliwajua nyuki mpaka miguu yao, ila Afrika hawakuisoma. Mwanzoni waliazimana. Kisha Leila wa Juja akaazima kitabu cha Farhiya, akakirudisha kikiwa na doa la uji lenye ukubwa wa sahani. Farhiya alipandwa na hasira, akamwambia Leila maneno ambayo hayaandikiki. Toka siku hiyo kila mtu alifungia chake, na leso zenye methali zikaendelea kuvaliwa mikutanoni bila haya.

"Na changu kitakuja lini?" Nzilani aliuliza kila mwezi.

"Subiri, mwanangu. Chetu ndicho cha mwisho, kitakuwa na yote."

Hiyo ndiyo ahadi aliyoitoa Mwongeli, na juu ya ahadi hiyo alilala mbaoni mwaka mzima.

Kitabu cha kumi na mbili kilifika Desemba. Wenzake wa Kiganjo walikusanyika nyumbani kwake, chai ikamiminwa, katoni ikafunguliwa. Nzilani alinawa mikono mara mbili kabla ya kukigusa. Alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa mia. Hapakuwa na picha hata moja. Hapakuwa na hadithi wala maelezo. Kulikuwa na majina tu, safu kwa safu, na kando ya kila jina herufi na nambari.

"Haiya!" alisema Wamboi. "Si hiki ni kitabu cha nambari za simu?"

"Simu gani ina tarakimu tatu?" Nelima akabisha. "Hizo ni bei."

"Bei ya nini? Hapa wameandika 'moon', yaani mwezi. Nani anauza mwezi?"

Mwanaharusi alivaa miwani, akatazama, akaivua. "Nadhani ni miaka," alisema, ila sauti yake haikuwa na uhakika wowote. Walibishana mpaka chai ikapoa. Kila aliyefafanua aliwachanganya wengine zaidi, kisha akajichanganya mwenyewe. Kumwuliza Jeconia haikuwezekana, kwani alikuwa amehamishiwa Nakuru. Mwishowe wakaaga mmoja mmoja, na Mwongeli akawasikia wakicheka walipofika nje ya lango. Kicheko hicho kilimchoma kuliko mbao za kitanda.

Nzilani alikuwa bado anapekua. Akatulia mahali pamoja, kidole chake kikiwa chini ya neno moja. "Mama, nanasi liko hapa," alisema. "Pineapple: P, 418. Kitabu kinalijua, lakini hakitaki kusema."

Kisha akakifunga taratibu, akakifunika kwa kitambaa, akasema ni kizuri. Mwongeli alitoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka, kwa sababu hakutaka mtoto aone machozi yake. Aliona aibu. Alikuwa amewanyima wanawake kumi na mmoja magodoro, na mtoto wake amempa kitabu bubu.

Jumatatu alikwenda kazini akiwa na kichwa kizito. Alikuwa mtunza bohari katika kiwanda kimoja cha nguo mjini, na kazi hiyo aliiweza hata akiwa amefumba macho. Kabla ya saa nne, fundi Odhiambo alisimama dirishani.

"Mama Nzilani, nipe beringi ndogo. Mashine imelala."

Mwongeli alifungua daftari la bohari, akateremsha kidole. Beringi kubwa. Beringi ndogo: R, 14. Yaani rafu ya R, sanduku la kumi na nne. Akapiga hatua mbili kuelekea kwenye rafu, kisha akasimama kama aliyepigiliwa msumari.

"Kwani umeona nyoka?" Odhiambo aliuliza.

"Odhiambo, mimi ni mjinga."

"Sijakataa, lakini beringi?"

Mwongeli aliangua kicheko mpaka akashika rafu. Daftari la bohari halina beringi ndani yake, wala hakuna fundi aliyewahi kulilaumu. Kazi yake ni kukuonyesha beringi ilipo. Mwaka mzima alikuwa akilingojea daftari, na mali yenyewe ilikuwa imetawanywa katika nyumba kumi na moja, kila moja imefungiwa.

Jumamosi yeye na Nzilani walifika Ruiru, kwenye nyumba yenye kitabu cha P. Farhiya aliwakaribisha vizuri mpaka alipokiona kile kitabu mkononi mwao.

"Dada, kama umekuja kuazima, wallahi changu hakitoki. Kile kisa cha uji kilinitosha."

"Sikuja kukichukua. Kishike mwenyewe. Nifungulie tu ukurasa wa 418."

Farhiya alifungua kabati la vioo kwa shingo upande, akatoa kitabu kilichoandikwa P mgongoni, akafunua kurasa. Nanasi likatokea, la rangi, limejaa ukurasa mzima.

"Subhanallah! Nimeishi na nanasi kabatini miezi minne, sina habari!"

Nzilani alisogea, akasoma polepole, akiwatafsiria mama zake sentensi kwa sentensi. Kila jicho la nanasi, alisema, lilikuwa ua. Yalikuwa maua mengi, kila moja na tunda lake dogo. Yalipokua yalishikana, yakawa tunda moja.

Farhiya alilikuna lile doa la uji kwa ukucha. Halafu akakivuta karibu yake kitabu cha Mwongeli, lile daftari la mali yote.

"Na hariri? Mimi nauza hariri, na wateja huniuliza inatoka wapi. Nitafutie."

Mwongeli aliteremsha kidole. "Silk, yaani hariri: S, 377."

"S iko kwa nani?"

Mwongeli alisita. "Kwa Leila."

Farhiya alisimama, akavua leso yake ya kikundi, akakifunga kitabu cha P ndani yake kama mtu afungaye mtoto mchanga.

"Twende Juja," alisema. "Uji wenyewe si sumu."

Kabla ya shule kufunguliwa Januari, vitabu kumi na viwili vilikuwa vimesimama bega kwa bega kwenye rafu ya ubao nyumbani kwa Mwongeli, maana wote walikubaliana kwamba mali hukaa na mtunza bohari. Kitabu cha Nelima kilikuja bila kurasa nne, na hadi leo hakuna ajuaye zilikokwenda. Kila Jumamosi watoto walijazana sakafuni, na mama zao pia, wakisingizia kwamba wamewafuata watoto. Mwaka huo kikundi kilinunua magodoro. Walipotaka kupiga kura, Farhiya alizikusanya karatasi zote akazitia mkobani, akasema la kwanza linakwenda kwa Mama Nzilani. Leila ndiye aliyelibeba kichwani hadi mlangoni.

Nzilani alilikagua lile godoro jipya, kisha akamgeukia mama yake kwa swali lingine: kwa nini methali iko kwenye leso za watu wote, na ilichukua mwaka mzima kusomwa? Mwongeli alipekua daftari lake kutoka mwanzo hadi mwisho, jibu hilo halikuwamo. Akamwonyesha meko, ambapo chai ya watu kumi na wawili ilikuwa ikitokota juu ya mawe matatu. Hakika, jifya moja haliinjiki chungu.