Watu wa Mimi Simo

Haya, wajukuu zangu, niwapakulie?

Pakua, bibi!

Cha moto au kilichopoa?

Cha moto!

Basi kaeni vizuri, na wewe Kuruthumu toa kidole puani. Hapo kale, kale yenyewe, watu wangali wakiazima moto kwa jirani na simba wakipita njiani bila kuombwa radhi, palikuwa na mji uitwao Kibambaru. Nyumba zilikuwa huku, mashamba na gulio vilikuwa kule, na katikati ulipita mto. Si mto wa kuchezea ule! Mpana, wenye haraka zake, haumsubiri mtu. Wazee wa zamani zaidi waliujengea daraja la mbao za mvule, ubao kwa ubao, hata ukivuka ni kama unapita uani kwenu.

Mji huo ulikuwa na Jumbe, jina lake Mwinchande. Wengine hupenda nyama, wengine hupenda sifa. Jumbe Mwinchande alipenda mbao. Siku moja akasimama katikati ya daraja, akainama, akagonga kwa kidole: ko, ko, ko.

"Masikini ubao huu," akasema. "Unateseka hapa kwa kukanyagwa."

Akaung'oa, akaenda nao kwake, akautengenezea benchi la barazani.

Mchana kweupe, wanangu! Watu wanakwenda mashamba, watu wanarudi, wanamwona Jumbe na ubao begani. Walisemaje?

"Mimi simo," akasema wa kwanza.

"Mimi simo," akasema wa pili.

"Hata mimi simo," akasema mwingine, ambaye hakuna aliyemwuliza.

Wakaruka pengo, wakaenda zao.

Jumbe akarudi. Akang'oa ubao mwingine, ukawa mlango wa mbele. Akarudi tena. Akang'oa mwingine, akajengea banda la bata nyuma ya nyumba. Pengo likapanuka, watu nao wakazidi kujifunza kuruka. Mtoto wa Kibambaru aliruka kabla hajajua kutambaa. Mtu akitaka kuoa, wazee hawakuuliza tabia za binti, walimtazama miguu. Na wazee wenyewe, magoti yalipokataa, kila mmoja akabaki upande aliokuwako.

Sasa, hakuna aliyeruka kama Sikudhani. Huyu alikuwa akiuza mbaazi za nazi gulioni. Alikuwa akitia chungu kichwani, anafunga kibwebwe, anaruka, hop! Anatua ng'ambo na mchuzi haujamwagika hata tone. Watu husimama kumtazama. Wavulana hupiga vigelegele kama wanawake. Sikudhani naye anajifanya hasikii, lakini shingo imesimama kama ya mbuni. Pengo lilimpa jina, angelichukiaje?

Mama yake, Bi Mwanamvua, aliishi ng'ambo. Zamani alikuwa akivuka kuja kumtazama binti yake. Pengo lilipokua akaacha, wakawa wanakutana gulioni tu.

"Mwanangu," akamwambia siku moja, "mwambieni huyo Jumbe arudishe mbao."

"Mama, mimi simo. Wapo wakubwa wa mji."

"Na hao wakubwa wanasemaje?"

"Nao hawamo."

"Basi ndani ya mji ule yumo nani?"

Sikudhani akacheka, akampakulia mbaazi.

Masika ikaingia, mto ukajaa. Sikudhani akashikwa na homa kali, hata habari zikavuka mto. Bi Mwanamvua hakungoja. Akafunga majani ya dawa kwenye ncha ya nguo yake, akafika darajani, akalitazama pengo, pengo likamtazama. Akaruka kwa moyo wa msichana na magoti ya kizee.

Chubwi!

Msishtuke, hakufa. Maji yalimsukuma kwenye matete, watu wakamtoa, lakini mguu ulikuwa umevunjika. Wakambeba mpaka kwa binti yake, wakajaa mlangoni kutoa pole.

"Pole sana. Mto siku hizi umekuwa mbaya."

"Ni shetani wa mto huyo."

"Ni utelezi wa masika."

Bi Zafarani, jirani yake Sikudhani, aliyekuwa bingwa wa kutokuwamo, akatikisa kichwa. "Mimi naona ni viatu vyake," akasema.

Na Bi Mwanamvua, tangu azaliwe, hajawahi kuvaa kiatu!

Sikudhani alikuwa amelala kwenye mkeka wake, anautazama mguu wa mama yake uliofungwa kwa vijiti. Akakumbuka jinsi alivyokuwa akiruka akishangiliwa, na mama yake amesimama upande wa pili akilipima pengo kwa macho. Aibu ikamshika kuliko homa. Akageukia ukuta, akalia kimyakimya.

Homa ilipomwachia, akamweleka mama yake mgongoni, chungu chake mkononi, hao mpaka barazani kwa Jumbe. Jumbe Mwinchande alikuwa kwenye benchi lake anakunywa uji.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Mna nini?"

"Nakuomba usogee. Mama yangu alikuwa anavuka daraja. Alipofika katikati, ubao hakuukuta. Nimeutafuta, kumbe uko hapa. Nimemleta amalizie safari."

Jumbe alisimama kwa mshangao, na hapo hapo Sikudhani akamlaza mama yake pale alipokuwa ameketi.

"Ehee," akasema Bi Mwanamvua, akijinyoosha. "Ndio wenyewe. Mgongo wangu umeujua."

Jumbe akapandisha sauti. "Una wazimu wewe! Siku ya gulio isikukute katika mji huu, wewe na mama yako na chungu chako!"

Sikudhani akawatazama watu waliosimama njiani. Mmoja alikuwa anaangalia mawingu, mwingine anakagua kucha zake. Basi akatia chungu kichwani, akapanda benchi, akashuka upande wa pili, akasukuma mlango wa Jumbe, akapita ndani, akatokea nyuma kwenye banda la bata.

"Navuka," akasema.

Akavuka hivyo kila asubuhi, peke yake. Na Bi Mwanamvua hakuondoka kwenye benchi. Jumbe aliogopa kumgusa kizee aliyevunjika mguu, na kizee aliijua hofu hiyo, akaitumia vizuri. Kila apitaye alimwita kwa jina lake. "Hujambo, Zafarani? Leo umevukia wapi?" Watu wakaanza kupita njia hiyo wameinamisha vichwa.

Siku ya gulio ikafika. Jumbe akatoka na fimbo na vijana wake wa kumfukuza Sikudhani. Kabla hajanyanyua mkono, akatokea nani? Bi Zafarani, na mzigo wa kuni kichwani.

"Hodi, Jumbe. Mimi simo katika maneno yenu. Mimi navuka tu."

Akapanda benchi, kuni zikapangusa kilemba cha Jumbe, akaingia mlangoni.

Nyuma yake, mzee mmoja na mbuzi wake. "Hata mimi simo, Jumbe. Na mbuzi hawamo."

Wanangu, mji mzima ulivuka siku ile! Wenye makapu, wenye majembe, wenye kuku. Bata waliruka mpaka juu ya paa. Mbuzi walitafuna mkeka wa Jumbe, wakamalizia na kilemba chake kilichoanguka.

"Nani kawatuma?" akapiga kelele Jumbe.

"Hakuna, Jumbe. Tunavuka tu."

"Mkubwa wenu nani?"

"Mkubwa wetu si wewe?"

Jua halijafika utosini, Jumbe Mwinchande alikuwa darajani, jasho linamtoka, mbao kichwani. Sikudhani akasimama kumwelekeza. "Wa benchi uanze hapo. Huo wa bata uoshe kwanza."

Bi Zafarani akawaambia waliokuwapo, "Tulimwambia siku nyingi sisi!"

Masika ilipokwisha, Bi Mwanamvua akarudi kwake kwa miguu, na fimbo mkononi. Sikudhani alimfuata nyuma, taratibu. Mguu wa mama ulikuwa umeunga upande, ukichora nusu duara kila akipiga hatua. Katikati ya daraja akasimama kupumzika.

"Mama," akasema Sikudhani, "ningesema ule ubao wa kwanza…"

"Ungesema," akajibu mama yake. Akamshika bega, wakaendelea.

Mbao zilirudi siku moja. Mguu ule haukunyooka mpaka siku anazikwa.

Basi wajukuu zangu, mkiona kinang'olewa kilicho cha wote, semeni ungali ubao mmoja. Msingoje mpaka aanguke mama wa mtu.

Kisa changu kimekaa kitako hapo. Anayetaka kukiinua, akiinue yeye; mimi mgongo unaniuma.