Jani la Isale Juu ya Barafu

Sogeeni motoni. Aliyeitoa kwanza hadithi hii ni bibi yetu Aikande, mwaka wa nzige, nayo ni ya huko juu mlimani.

Zimwi lilimwiba mtoto wa mwanamke aitwaye Ndetaulwa, likamficha ng'ambo ya ziwa lililoganda. Mama akapanda, akamtorosha mwanawe, akamfunga mgongoni. Alfajiri akarudi, theluji ngumu ikilia chini ya nyayo zake, akaingia juu ya barafu. Alijua hapo hapasimamwi, maana jua likitoka barafu hupasuka.

Zimwi likamfuata chini kwa chini, majini chini ya barafu.

“Mama, simama, mtoto kaangusha shuka.”

Hakusimama.

“Wakimbia kama mwizi wa ndizi, na mwana ni wako?”

Hakusimama. Mumewe, Msele, alikuwa ukingoni akimpungia mkono.

Ndipo ufa ukafunguka mbele yake, mkono ukatoka umeshika jani la isale.

“Nimekosa, mwenzangu. Nisamehe.”

Kwao, anayeombwa msamaha kwa isale hakatai. Akikataa, laana humwangukia mwanawe. Ndetaulwa akasimama. Jua likagusa ziwa. Akamfungua mtoto, akamsukuma kwa nguvu, naye akateleza juu ya barafu hadi mikononi mwa baba yake. Kisha mama akainama, akapokea jani.

“Nimekusamehe,” akasema, na barafu ikamfungukia, akazama.

Msele naye alishafariki. Mtoto yu hai, ana wajukuu. Na zimwi li hai, kwa kuwa lilisamehewa.