Limau Shavuni mwa Tumsifu

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa na binti aitwaye Tumsifu, mtoto wa darasa la kwanza, mcheshi kweli kweli. Asubuhi moja mama akimpaka mafuta, akaona kidoa cheusi shavuni, kidogo kama mbegu ya papai. Akakisugua. Hakitoki. Akasugua tena.

"Mama, unanitekenya!" mtoto akacheka.

Mama hakucheka. Akamwita wifi yake, anayeishi nyumba ya jirani. Na wifi huyu, mnawajua watu wa namna hii, hajawahi kuulizwa jambo akasema hajui. Akakitazama kidoa, akasema, "Mpake limau, wifi, kisha mwache acheze juani. Kitatoka chenyewe."

Je, mama alikwenda zahanati kuuliza? Alikwenda gengeni kununua malimau!

Ikawa kila asubuhi limau, kila asubuhi jua. Baada ya siku kadhaa, shavu likaanza kuwa jeusi. Michirizi myeusi ikashuka mpaka kidevuni.

"Wifi, kinaenea!" mama akapiga kelele. "Kinammaliza mwanangu!"

"Basi ongeza limau," wifi akajibu.

Niambieni, wangapi hapa tungeongeza? Msiangalie chini.

Namshukuru Mungu, huyu mama hakuongeza. Alimbeba mtoto mpaka hospitali, analia njia nzima, na Tumsifu ndiye anayemfuta machozi.

Daktari akalichunguza shavu. "Mama, umempaka nini?"

"Limau tu, dokta. Nilitaka kidoa kitoke."

"Kidoa ni hiki hapa. Kidogo, cha mviringo, rangi moja. Watoto wengi huota vidoa hivi wanapokua, na kwa kawaida havina madhara. Usikiguse, kiangalie tu. Kikikua haraka, kikibadilika umbo au rangi, kikiwasha au kutoa damu, mlete."

"Na huu weusi wote?"

"Ni limau na jua, mama. Vimemuunguza ngozi. Acha limau, mkinge na jua, utafifia polepole."

Mama akalitazama lile shavu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo aliyekuwa anaeneza ni mimi?"

Daktari alijitahidi asicheke, akashindwa. Tumsifu akadakia kicheko, na mwisho mama mwenyewe akacheka huku machozi hayajakauka.

Na sisi je? Mtoto wako ni mkimya kidogo, ndivyo alivyoumbwa. Badala ya kumwangalia kwa utulivu, unamkemea mbele ya wageni, unamlinganisha na binamu zake, mpaka ukimya wake unageuka kuwa woga. Halafu unakuja kwangu unalia, "Mchungaji, niombee mwanangu, ameharibika!"

Nitaomba, ndugu yangu. Lakini leo ukifika nyumbani, mwite huyo mtoto, mkalishe karibu yako, mtazame vizuri bila kumrekebisha chochote. Mwambie unampenda. Kisha nyamaza, umsikilize.